Anayetoa Mtihani Ana Deni Gani?

Binamu yangu ana shahada ya sayansi ya kompyuta, na tangu ahitimu amekuwa akitafuta kazi. Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili na ualimu, mwaka wa tatu. Tunaishi pamoja Kikoni, hapa Kampala, katika chumba kimoja cha kupanga, kile ambacho wenyeji hukiita muzigo. Yeye ndiye mkubwa, kwa hiyo kitanda cha karibu na dirisha, ambako mtandao hushika vizuri, ni chake. Ninaeleza haya ili msomaji ajue kwamba jambo ninalotaka kulijadili sikulipata kitabuni kwanza. Nililiona usiku, nikiwa nimejifunika shuka usoni kwa sababu taa ilikuwa haizimwi.

Kampuni zinazoajiri wasanidi programu, yaani watu wanaoandika programu za kompyuta na simu, zina desturi ambayo sisi wa idara za lugha huenda hatuijui. Mwombaji akishatuma wasifu wake, mara nyingi haitwi kwenye usaili moja kwa moja. Hutumiwa kazi ya kufanyia nyumbani. Huelezwa programu inayotakiwa, hupewa siku kadhaa aiandike, kisha huirudisha ili kampuni iikague. Kazi hiyo huitwa mtihani ingawa haina chumba wala msimamizi, na kwa kawaida haina malipo.

Mtihani wa binamu yangu ulitoka kwenye kampuni moja ya nje. Alitakiwa kuandika programu ya duka dogo: mwenye duka aingie kwa nywila, aandike bidhaa zinazoingia na mauzo ya siku, na aone kilichobaki. Programu iwe na majaribio ya kujipima yenyewe, iwe na maelezo ya maandishi, tena iwekwe mtandaoni ili wakaguzi waifungue. Barua ilisema kazi hiyo ni ya saa nne, naye alipewa siku saba.

Ilichukua mikesha mitano. Siku ya pili umeme wa Yaka uliisha, tukachanga shilingi tulizokuwa nazo tukanunua mwingine. Data alinunua mwenyewe, na hapa kwetu tangu Julai 2021 data ya intaneti hutozwa ushuru wa asilimia 12. Nadhani zile saa nne zilikadiriwa na mtu ambaye tayari alikuwa analijua jibu.

Usiku wa tatu aliniamsha anionyeshe jambo. Ukiiambia kompyuta ijumlishe 0.1 na 0.2 kwa njia ya kawaida, lugha nyingi za programu zitakujibu 0.30000000000000004. Sikuamini mpaka alipobonyeza mbele yangu. Akanieleza kwamba kompyuta huhifadhi namba kwa tarakimu mbili tu, sifuri na moja, na desimali nyingi tunazozitumia haziwezi kuandikwa kikamilifu kwa njia hiyo, kama vile theluthi isivyoandikika kikamilifu kwa desimali zetu. Kosa ni dogo sana, lakini katika hesabu ya duka makosa madogo hujumlishana. Kwa hiyo aliamua kuhifadhi fedha zote kama namba nzima, akaandika aya moja katika maelezo yake kueleza kwa nini. "Wakisoma aya hii tu," akaniambia, "watajua nimefikiri."

Aliituma Jumapili jioni. Kwa kuwa programu ilikuwa mtandaoni kupitia akaunti yake, aliweza kuona ni nani ameifungua. Kila asubuhi, kabla hata ya chai, alitazama. Ukiacha roboti zinazozurura mtandaoni, hakuna aliyefika. Siku ya tisa akaruka kitandani: mgeni mmoja, ametumia simu, amekaa dakika sita! Ilinibidi nimwambie kwamba mgeni huyo nilikuwa mimi. Nilitaka tu kuona ile kazi iliyoninyima usingizi inafananaje.

Jibu halikuja. Hata la kumkataa halikuja.

Swali la insha hii ni kama kampuni ile ilimkosea, na kama ilimkosea, kosa lenyewe ni lipi. Wenzangu wengi niliowauliza walijibu haraka: kosa ni kumfanyisha mtu kazi bure. Jibu hilo nililiamini kwa muda, na bado lina nguvu zake, lakini nimeona halifiki mahali penyewe.

Mama yangu ni fundi wa cherehani Mbale. Mara kwa mara msichana huja kumwomba kazi. Mama hamuulizi cheti. Humpa kipande cha kitambaa kilichobaki na kumwambia, "Haya mwanangu, nishonee kola." Kisha mama huweka kazi yake pembeni, hukaa kwenye benchi na kutazama mikono. Kola hukamilika, mama huigeuzageuza, hulivuta shono, halafu husema neno. Pengine, "Njoo kesho saa moja." Pengine, "Upande huu umevuta. Rudi nyumbani ujizoeze, Mungu akipenda tutaonana tena." Msichana halipwi kwa saa ile, wala sijamsikia mtu sokoni akimwita mama mnyonyaji. Kwa hiyo kufanya kazi kidogo bila malipo ili uonekane unaweza, hilo peke yake si dhuluma. Mafundi wamepimana hivyo tangu zamani.

Ni nini basi kinachoitofautisha kola ya Mbale na programu ya Kikoni? Naona mambo mawili. La kwanza ni dogo: kitambaa, uzi na cherehani ni vya mama. Msichana haji na umeme wake. La pili ndilo kubwa. Saa ya msichana inapokwenda, saa ya mama inakwenda pamoja nayo. Mama hawezi kuwapima wasichana mia moja asubuhi moja, hata akitaka, maana ana saa moja tu ya kutoa na akiitoa imekwenda. Hivyo huwapima wale tu anaofikiria kweli kuwachukua. Mtihani wa kufanyia nyumbani umekata kamba hiyo. Barua ya kuutuma kwa mtu mmoja na barua ya kuutuma kwa watu mia mbili zina gharama ileile kwa mtumaji, yaani karibu na sifuri. Upande wa pili, watu mia mbili wakikesha mikesha mitano, hiyo ni mikesha elfu moja. Anayeagiza haoni hata mmoja.

Lakini nisikimbilie kuulaani mtihani wenyewe. Nimejaribu kufikiria mahali pake pangewekwa nini, nikaona kwamba kwa watu kama sisi njia nyingine ni mbaya zaidi. Kampuni ikichagua kwa wasifu, itatazama chuo kinachojulikana na kampuni zinazojulikana. Msomaji wa wasifu huko Berlin hajui Kikoni ni nini, wala hana sababu ya kujua. Ikichagua kwa kujuana, sisi tunajuana na nani? Ikichagua kwa usaili wa ana kwa ana, ambapo mwombaji husimama ubaoni na kuandika msimbo huku akitazamwa, basi itapima ujasiri wa kutazamwa. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina na kampuni ya Microsoft walichapisha utafiti juu ya jambo hili. Wanafunzi 48 walipewa swali la programu: baadhi walilifanya ubaoni mbele ya msaili, wengine walilifanya peke yao katika chumba. Matokeo ya waliotazamwa yalikuwa chini ya nusu ya matokeo ya wenzao. Wanawake wote waliofanya peke yao walilipata jibu. Waliotazamwa, hakuna hata mmoja aliyelipata. Ni utafiti mdogo, lakini nikimfikiria binamu yangu, ambaye Kiingereza humkwama kooni akitazamwa na watu watatu, sioni taabu kuuamini.

Kuna pia mkasa wa Max Howell, Mwingereza aliyebuni Homebrew, programu inayotumiwa na wasanidi wengi sana wa kompyuta za Mac. Mwaka 2015 alieleza hadharani kwamba Google walimkataa baada ya kushindwa swali la ubaoni, ingawa wahandisi wao wenyewe walikuwa wakiitumia programu yake. Kazi yake ilikuwa mezani kwao kila siku, lakini kilichopimwa kikawa kitu kingine.

Na wanasaikolojia wa kazi wamelipima jambo hili kwa namba. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walipokusanya tafiti za miaka 85, kumpa mwombaji sampuli ya kazi yenyewe kulikuwa miongoni mwa njia zilizotabiri vizuri zaidi jinsi atakavyofanya akiajiriwa. Hesabu mpya za mwaka 2022, za Paul Sackett na wenzake, zilishusha namba hizo na kuuweka mbele usaili wenye maswali yaliyopangwa, lakini sampuli ya kazi haikutupwa nje. Kwa hiyo mtu asiniambie mtihani huu ufutwe. Kwa kijana asiye na jina ndio mlango pekee unaouliza "unaweza nini?" kabla ya "wewe nani?"

Nilipoyasema haya katika semina yetu ya maadili, mwenzangu mmoja alinipinga kwa hoja ambayo sikuweza kuijibu siku ile. Alisema: hakulazimishwa. Barua ilimwambia kazi ni hii, malipo hakuna, na kazi ya kudumu haijaahidiwa. Yeye ni mtu mzima, akaisoma, akakubali. Anayekubali kwa hiari hadhulumiwi.

Nililala na hoja hiyo siku kadhaa. Kwanza nilitaka kujibu kwamba hiari ya mtu anayedaiwa kodi ya nyumba si hiari kamili. Hilo ni kweli, ila linathibitisha mengi kupita kiasi. Kwa kipimo hicho hata yule msichana wa Mbale hana hiari, wala sisi wanafunzi hatuna hiari katika jambo lolote. Nikaiacha njia hiyo. Nikajiuliza swali jingine: hicho alichokubali ni kitu gani?

Tuseme nimesimama Wandegeya, nimekubaliana na mwendesha bodaboda anipeleke Ntinda. Nimempa hela mapema, naye akawasha pikipiki akaenda zake akaniacha nimesimama. Nikimlalamikia, je, ataweza kusema, "Hakuna aliyekulazimisha kulipa"? Ni kweli hakuna aliyenilazimisha. Lakini sikukubali kutoa hela. Nilikubali safari, na hela ilikuwa upande wangu wa safari. Binamu yangu vilevile hakukubali kuandika programu ya duka. Hakuna duka. Alikubali kupimwa, na kupimwa ni tendo la watu wawili. Mmoja anafanya, mwingine anasoma. Akikosekana wa pili, kilichobaki hakistahili kuitwa mtihani hata kama karatasi imeandikwa hivyo juu.

Naona hapa ndipo kosa lilipo. Neno "mtihani" lina ahadi ndani yake, nayo haihitaji kuandikwa kwenye barua, kama vile neno "safari" halihitaji kuandikiwa kwamba abiria atapandishwa. Kampuni haikuahidi kazi, wala pesa, wala sifa. Lakini kwa kuutuma mtihani iliahidi jicho. Kumnyima mtu jicho hilo ni kuvunja ahadi, na ni kosa hata kama mtihani ungekuwa wa nusu saa.

Immanuel Kant, katika kitabu chake cha misingi ya maadili cha mwaka 1785, alifundisha kwamba mtu asitumiwe kama chombo tu. Wanafunzi wengi tukimnukuu katika mitihani yetu tunalisahau lile "tu", na ndipo tunapofikia hitimisho kwamba kila mwajiri ni mwovu. Kila siku tunatumiana. Mama huutumia mkono wa msichana, msichana hulitumia duka la mama. Ubaya huanza mtu anapokuwa chombo peke yake, asiyestahili hata kujibiwa. Mtihani usiosomwa humfanya mwombaji kuwa namba katika kapu lililojazwa kwa ajili ya tahadhari, endapo wale watano wa mwanzo hawatafaa.

Wasanidi wengi huogopa jambo tofauti: kwamba kampuni zitachukua msimbo wao na kuutumia bure. Sikatai kwamba laweza kutokea. Kwa upande wetu hofu hiyo iligeuka kichekesho. Binamu yangu alisema angefurahi kama wangeiiba, maana mwizi walau hufungua mlango.

Nilimuuliza pia angechagua kipi, alipwe au asomwe. "Nilipwe," akajibu kabla sijamaliza swali, tukacheka sana. Baadaye, tukila posho na maharagwe, akarudia mwenyewe: "Lakini wangeniambia tu kosa langu liko wapi, mtihani mwingine ningeufanya bure." Sina hakika kwamba ningemwamini kabisa, hasa kwa kuwa mwezi ule tulikuwa tunadaiwa kodi. Hata hivyo malipo nayaunga mkono, ila kwa sababu tofauti na ile ya wenzangu. Kampuni ikijua kwamba kila mtihani inaoutuma utailazimu kutoa shilingi kadhaa, itahesabu watu kabla ya kuutuma. Malipo hurudisha ile kamba iliyokatwa.

Hadi hapa nimeandika kama mtu aliyekaa upande wa walalamikaji. Sasa inanibidi nieleze kwa nini insha hii imenichukua muda mrefu kuliko nilivyomwahidi mhariri.

Mwaka jana chama chetu cha wanafunzi wa Kiswahili kilipata fedha kidogo za kutafsiri vipeperushi vya usafi kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo walioko Nakivale, ambao wengi wao huelewa Kiswahili kuliko Kiingereza. Tulihitaji watafsiri wawili. Mimi ndiye niliyekuwa katibu, nikapendekeza tuwape waombaji kurasa mbili wazitafsiri kwao, siku tatu. Niliona ni njia ya haki. Sitatazama jina wala mwaka wa masomo, nitatazama kazi. Mwanafunzi mmoja mwenye mtoto mchanga aliniandikia kuomba siku mbili zaidi, nikamjibu kwamba muda ni uleule kwa wote. Niliridhika sana na jibu hilo.

Kazi kumi na tisa zilifika. Nilisoma sita. Katika zile sita niliwapata wawili wazuri, mwenyekiti akaridhika, kazi ikaanza. Kumi na tatu zilizobaki sikuzifungua. Wala sikukaa chini na kuamua kutozifungua. Hakikutokea chochote cha kunilazimisha kuzifungua, basi. Hazikuwa na uzito, hazikukaa juu ya meza yangu kama karatasi. Zilikuwa mstari mmoja baada ya mwingine kwenye simu, na mistari hiyo ikateremka chini kadiri barua pepe mpya zilivyoingia. Wiki mbili baadaye mmoja wao alinisimamisha koridoni. "Kaka, tafsiri yangu uliionaje?" Nikamwambia ilikuwa nzuri, ila nafasi zilikuwa chache. Akanishukuru.

Sikuliunganisha tukio hili na la binamu yangu mpaka nilipoanza kuandika aya ile ya bodaboda. Nilikuwa nimeandika sentensi kali juu ya watu wa kampuni ile, kwamba hawana utu, nikaifuta. Inawezekana kabisa kwamba huko kuna kijana kama mimi aliyesoma sita za mwanzo akampata mtu, na wala hakumchukia mtu yeyote.

Haya hayapunguzi kosa, lakini yamebadilisha maoni yangu juu ya dawa. Nilikuwa nikidhani tatizo ni tabia mbaya na kwamba suluhisho ni waajiri kuwa na huruma. Mimi huruma ninayo, kwa kiasi cha kawaida. Nilichokosa ni kuhesabu kabla ya kutuma. Kama ningejiuliza nina jioni ngapi za kusoma, ningejibu mbili, na katika jioni mbili ningeweza kusoma kazi nane kwa makini. Basi ningetuma kurasa zile kwa watu wanane. Wengine kumi na mmoja wangekataliwa kabla ya kutaabika, kwa kura hata, na kura ingekuwa na haki zaidi kuliko nilichofanya. Najua neno hili litawashangaza baadhi ya wasomaji. Lakini aliyekataliwa kwa kura amepoteza bahati. Wale wangu kumi na watatu walipoteza bahati ileile pamoja na siku tatu, na juu yake waliachwa wakiamini kwamba wamepimwa wakaonekana hawafai.

Kwa kampuni yenye waombaji mia tano na mhandisi mmoja wa kusoma, njia ipo. Wasanidi wana swali dogo mashuhuri liitwalo FizzBuzz, lililoanza kutumika sana katika usaili baada ya mwaka 2007. Andika programu ihesabu kuanzia moja. Kila namba inayogawanyika kwa tatu iseme Fizz, kwa tano iseme Buzz, kwa zote mbili iseme FizzBuzz. Ni la dakika chache, na mashine inaweza kulisahihisha. Swali la aina hiyo likitangulia, mtihani mkubwa utatumwa kwa wachache ambao kweli watasomwa.

Mtu ataniuliza kama kusomwa na mashine ni kusomwa. Nimelifikiria sana hili, na jibu langu si imara. Kwa swali la dakika kumi naona inatosha, mradi mwombaji aambiwe mapema na apewe matokeo yake. Matokeo ya mashine ni jibu, na jibu lolote lina heshima kuliko kimya. Kwa kazi ya mikesha mitano naona haitoshi. Mashine ingeona kwamba jumla ya mauzo iko sawa. Ile aya ya kueleza kwa nini fedha zihifadhiwe kama namba nzima haingeipa uzito, na ndiyo aliyotaka isomwe.

Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022 mambo yamezidi kuwa magumu, kwa kuwa mtihani wa nyumbani hauonyeshi tena kwa uhakika ni mkono wa nani ulioandika. Binamu yangu ananiambia kwamba baadhi ya kampuni zimejibu kwa kurefusha mtihani, na nyingine humwita mwombaji baadaye kwa nusu saa aeleze alichoandika na kwa nini. Hii ya pili naiunga mkono kwa moyo wote, na sababu yangu si udanganyifu pekee. Nusu saa hiyo ni ya watu wawili. Kampuni inakaa kwenye benchi kama mama. Wahadhiri wetu, ambao husoma karatasi zetu mia mbili kila muhula (wengine kwa kuchelewa, lakini husoma), watanielewa.

Wiki iliyopita nilizifungua zile faili kumi na tatu. Zilinichukua jioni tatu. Kurasa zile zilikuwa na maelezo ya kifaa cha kunawia mikono, kile cha dumu linaloning'inia na kamba ya kukanyaga kwa mguu. Tanzania huitwa kibuyu chirizi, na wale wawili tuliowachagua waliandika hivyo, nami niliwasifu kwa kulijua neno. Katika faili ya nane mwombaji aliandika "dumu la kunawia, lenye kamba ya kukanyaga", kisha chini ya ukurasa akaongeza maelezo: analijua neno kibuyu chirizi, ila ameliepuka kwa sababu wasomaji wanatoka Kongo na huenda hawajawahi kulisikia. Ni yule mwenye mtoto mchanga. Aliituma usiku wa siku ya tatu, dakika chache kabla ya muda kuisha. Vipeperushi vilikwisha chapishwa vikiwa na kibuyu chirizi.

Nimemwandikia. Nimewaandikia kumi na wawili kwa jumla, kila mmoja mistari michache juu ya kazi yake, na kuomba radhi kwa kuchelewa mwaka mzima. Wanne wamejibu. Mmoja ameniuliza kwa ukali kidogo inamsaidia nini sasa, na sikupata la kumwambia. Yule wa koridoni bado sijamwandikia. Tafsiri yake ina makosa mengi, nami nilikwisha mwambia ilikuwa nzuri.